Fisi wa Saa Sita Mchana

Nchi inayosimuliwa hapa haipo. Waliowahi kuishi humo watathibitisha, maana kila walipokwenda ofisini kuiulizia waliambiwa imetoka kidogo, wakae kwenye benchi wasubiri. Kwa hiyo yote yatakayoelezwa hayakutokea, na kama yalitokea, basi yalitokea kwa kufuata utaratibu.

Katika nchi hiyo walikuwepo ndugu wawili, Tunu Chambuso na mdogo wake Hemedi, ambao zamani walikuwa na jina kubwa. Tunu aliandika filamu na kuziongoza. Hemedi alishika kamera, kisha akakata na kuunga mikanda. Miaka ishirini na miwili nyuma walitengeneza filamu moja isiyo na rangi, iitwayo Foleni. Ilikuwa habari ya wanawake waliopanga mstari bombani tangu asubuhi. Mmoja wao alishikwa na uchungu, wenzake wakamzungushia kanga, akajifungua palepale, na mstari haukuvunjika. Basi, hakukuwa na jingine. Watu waliitazama wakalia, wakacheka, wakarudi kesho yake na shangazi zao. Ughaibuni waliwapa ndugu hao sanamu ya shaba na cheti ambacho hakuna aliyeweza kukisoma.

Siku ya kumi na nne serikali iliifungia. Kosa lake ni kwamba ilikuwa na foleni ndani, na takwimu za mwaka ule zilionyesha wazi kuwa nchini hakuna foleni. Nakala zote, hata ile iliyorudi kutoka ughaibuni, zilikusanywa zikachomwa, isipokuwa moja, ambayo iliwekwa stoo ya Wizara ya Utamaduni na Utulivu ili vizazi vijavyo vya maofisa viweze kujifunza kosa lenyewe linafananaje.

Kwa watu wengine hiyo ilikuwa habari ya sanaa. Kwa Tunu ilikuwa habari ya mama yake. Bi Zamda, mshona mito na mapazia, hakuwa mwigizaji hata kidogo. Siku moja mwigizaji aliugua, Tunu akamwomba mama yake asimame kwenye mstari badala yake, na ndivyo Bi Zamda alivyokuwa yule mwanamke mzee anayempokea mtoto. Anamfuta kwa pindo la kanga, anamwinua juu ili walioko nyuma wamwone, kisha anamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na wewe umeshapata namba yako." Hakuna aliyemwandikia maneno hayo, yalimtoka tu. Mwaka uliofuata alifariki. Aliacha picha mbili za kitambulisho, zote amekodoa macho kama aliyeulizwa swali asilolijua. Mahali pekee duniani ambapo Bi Zamda alikuwa bado anatembea, anainama na kusema, ni ndani ya kopo la bati lililokuwa stoo ya Wizara.

Kila mwaka Tunu aliandika barua ya kuomba kopo lile. Kila mwaka alijibiwa kwamba ombi lake limepokelewa kwa furaha.

*

Mwaka wa ishirini na mbili Wizara iligundua tatizo jipya. Watafiti walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba kuuliza wananchi wanaogopa nini, na majibu yalisikitisha. Wananchi walikuwa wanaogopa gari jeupe lisilo na namba. Waliogopa bahasha za kaki. Waliogopa kugongewa mlango na mtu anayelijua jina lao mpaka la babu. Hofu zote hizo zilikuwa za kienyeji. Hazikuwa na kibali, wala hazikuwemo kwenye mpango wa taifa. Mheshimiwa Daktari Pongwa, Waziri wa Utamaduni na Utulivu, aliona aibu kwa niaba ya taifa, akaamua wananchi wapewe hofu iliyo rasmi.

Akawaita Tunu na Hemedi. Aliwakaribisha vizuri, akawauliza hali, akawapongeza kwa kimya chao cha miaka yote ile, ambacho alisema kilikuwa kazi yao bora kuliko zote. Kisha akaeleza anachotaka. Anataka filamu ya kutisha. Anataka mtu-fisi, yule yule wa hadithi za bibi, jirani mwema mchana, usiku anaota manyoya na kwenda kutafuna watu.

"Mtu akimwogopa fisi," alisema Waziri, "anawahi kurudi nyumbani, anafunga mlango, na hana swali la kumuuliza mtu. Huo ndio utamaduni, na huo ndio utulivu. Mnaona Wizara ilivyopewa jina kwa akili?"

Hemedi alikubali kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amepiga picha za wakubwa wakikata utepe, na alikuwa ameshaujua utepe kwa upana na urefu wake. Alikuwa mtu wa kupigiwa makofi, jamani, na makofi yalikoma akiwa bado kijana. Tunu alitazama dirishani, kisha akauliza kama Mheshimiwa anaweza kulirudisha kopo la Foleni.

Waziri hakusita. Siku filamu ya fisi itakapooneshwa, alisema, kopo litatoka stoo na kukabidhiwa mkononi mwake. Aliandika ahadi hiyo kwenye karatasi, akatia sahihi, akagonga mhuri, na katibu wake akagonga mhuri juu ya mhuri. Sharti lilikuwa moja tu. Wizara haikuziamini kamera za siku hizi, ambazo picha zake hazishikiki na zinaweza kuvuka mpaka bila mtu kuzibeba. Filamu ipigwe kwa mkanda wa zamani, na itolewe nakala moja tu, ili ikikosea iweze kufungiwa kabatini kama kitu chenye heshima zake.

*

Tunu alikwenda nyumbani akiwa na nia ya kuandika upuuzi. Aliketi mezani na kujiambia: kurasa arobaini, manyoya, meno, kelele, basi, nipeni mama yangu. Lakini mtu aliyezaliwa na kipaji hawezi kukiacha nje ya mlango. Wiki ya pili aligundua kwamba ameandika habari ya mwanamke anayegundua, kidogo kidogo, kwamba mumewe ndiye fisi. Mume anakataa nyama mezani. Mbwa wa mtaa wanakaa kimya anapopita. Mke analala macho akimsikiliza anavyopumua, na asubuhi anamchemshia chai, kwa sababu afanye nini? Tunu mwenyewe aliposoma aliyoyaandika alisimama akaenda kufunga dirisha. Alifurahi, na furaha ile ilimuudhi, maana hakuwa ameipangia nafasi.

Muswada ulikwenda mbele ya Kamati ya Uhakiki, watu kumi na mmoja, katibu wao Bwana Sengo. Huyu Bwana Sengo alikuwa mpole kupita kiasi. Alikuwa na tabia ya kuomba radhi kabla ya kufuta sentensi, na alifuta kwa rula. Kamati ilimsifu sana Tunu. Ilisema muswada ni mzuri mno na kwamba umebakiza masahihisho madogo.

La kwanza lilikuwa giza. Wizara ya Nishati ilishatangaza kuwa umeme umefika kila nyumba, kwa hiyo mandhari yoyote ya giza ni uchochezi. Usiku wote uliomo kwenye muswada ukageuzwa mchana.

La pili lilikuwa mwezi. Tunu aliandika kwamba mume hubadilika mwezi unapokuwa mpevu, na mwezi mpevu ndio nembo ya chama. Bwana Sengo aliomba radhi. Alieleza kwamba haiwezekani raia atazame nembo ya chama halafu aote meno. Wajumbe walijadili kutwa nzima, wakaamua kwamba fisi atabadilika saa sita kamili mchana, kwa kutazama saa ya mkononi.

Halafu ikaja kazi ya mtu-fisi. Tunu alimfanya karani wa ardhi. Makarani wa ardhi wakatuma ujumbe. Akamfanya mwalimu, walimu wakatuma ujumbe. Akamfanya mchinjaji, mfanyabiashara, dereva, mchungaji, na kila kundi likaleta barua ikisema kwamba miongoni mwao hakuna mla watu, na kwamba kama wanatafutwa wala watu, wao wanajua waliko. Barua hizo zilihifadhiwa kwa uchunguzi. Tunu akapendekeza asiwe na kazi kabisa, akajulishwa kwamba wasio na kazi walishakwisha tangu mpango wa tatu wa maendeleo. Mwishowe mtu-fisi hakuwa na kazi, wala hakuwa amekosa kazi. Hakuwa na jina, kabila, mtaa wala mke. Aliitwa Fulani, na hata hilo lilipita kwa kura sita kwa tano.

"Na anamtafuna nani?" aliuliza Tunu, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshachoka.

Swali hilo liliwapa tabu wajumbe. Raia hawezi kutafunwa, kwani usalama wa raia umeimarishwa. Mbuzi hawezi, kwani idadi ya mifugo hupanda kila mwaka na haijawahi kushuka hata kwa mbuzi mmoja. Kuku alifikiriwa, lakini mke wa Waziri alikuwa mlezi wa mradi wa kuku. Mjumbe mmoja mzee, aliyekuwa amesinzia, aliinua kichwa akasema papai. Kamati ikatafuta kama kuna sera ya mapapai, haikuipata, ikapitisha kwa kauli moja.

Tunu alikunja muswada wake wa kwanza akautia mfukoni mwa koti. Bwana Sengo alimsindikiza hadi kwenye ngazi, akamwambia kwa huruma ya kweli kwamba yeye binafsi ule wa kwanza ulimnyima usingizi siku tatu, na kwamba ndiyo maana hakuweza kuupitisha.

*

Aliyepewa nafasi ya Fulani alikuwa Mzee Kilosho, mwigizaji ambaye kwenye Foleni alikuwa mlinzi wa bomba, mwanamume pekee kwenye filamu nzima. Zamani akipita sokoni watu walikuwa wakimpisha. Sasa alikuwa na miaka sabini na mmoja na magoti mabovu. Ngozi ya fisi aliyoshonewa ilitokana na mablanketi ya jeshi, yenye mstari mwekundu kwenye pindo, na Wizara ya Ulinzi ilikataza mstari ule usikatwe. Basi fisi alikuwa na mstari mwekundu kuzunguka kiuno.

Walipiga picha chini ya jua la saa sita. Fulani anatembea barabarani. Polisi wanafika. Hapo pana jambo la kueleza: Kamati iliagiza kwamba vyombo vya usalama haviwezi kuoneshwa vimechelewa, kwa hiyo polisi walifika kabla Fulani hajawa fisi, ikabidi wasimame pembeni wakimsubiri. Wanatazama saa zao. Fulani anatazama yake. Inatimu saa sita, anaota blanketi, analiendea papai lililowekwa juu ya meza na kuling'ata, na polisi wanamkamata kwa adabu.

Tunu alipiga tukio hilo mara kumi na tisa. Mara ya kumi na tano Mzee Kilosho alivua kichwa cha fisi, jasho likimtiririka shingoni, akamwita pembeni.

"Tunu mwanangu," alimwambia, "nataka kujua jambo moja tu, nifanye kazi yangu. Hili papai nilitazame kwa njaa au kwa majuto?"

Tunu alitaka kumjibu jibu la kweli, jibu la mwongozaji. Alilitafuta hakulipata.

"Litazame tu, baba," alisema. "Litazame, tumalize."

Mzee alivaa kichwa chake, akarudi kwenye alama aliyowekewa. Hakuuliza tena swali lolote mpaka siku ya mwisho, na Tunu aliona afadhali angemtukana.

Ulibaki mwisho wa filamu. Kamati ilitaka umati wa wananchi wakitoa shukrani kwa kuondolewa fisi. Waliletwa watumishi wa Wizara kuwa umati, wakafika kumi na wanne, na ilipofika saa nne wote walikwenda kunywa chai na hakurudi hata mmoja. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Zikabaki siku tatu filamu ioneshwe, na filamu haina mwisho. Hemedi akamwambia dada yake aende akapumzike, amwachie yeye, kuna kitu atakipata. Tunu hakuuliza atakipata wapi. Macho yalikuwa yanamuuma, na hakutaka kumwona tena yule fisi hata dakika moja zaidi. Alikwenda nyumbani, akafuta vumbi kwenye rafu na kuacha mahali wazi penye ukubwa wa kopo la bati.

*

Filamu ilioneshwa saa tisa alasiri katika Ukumbi wa Mashujaa Watarajiwa. Simu zilikusanywa mlangoni. Mheshimiwa Daktari Pongwa alihutubia kwa dakika hamsini. Alisema nchi nyingine hutishwa na mambo ya kigeni, lakini sisi sasa tunatishwa na chetu wenyewe. Alisema mwananchi wa leo ana haki ya kutetemeka. Alisema serikali imesikia kilio cha wananchi na imekiongezea sauti. Watu walipiga makofi kila alipomeza mate.

Ukumbi ulikuwa umejaa, na hawakuletwa kwa malori. Walikuja wenyewe. Wazee walikuja kwa sababu ya Foleni, na vijana walikuja kwa sababu ya walichosimuliwa na wazee. Tunu aliketi safu ya tatu na Hemedi kushoto kwake. Nyuma yake mwanamke alimuuliza mumewe kama kweli hawa ndio wale wana Chambuso wa Foleni. Mume akamjibu kuwa ndio hao.

Filamu ikaanza. Fulani akatembea. Polisi wakafika, wakasimama, wakatazama saa. Mwanzoni watu walinyamaza kwa heshima. Kisha likatokea blanketi na mstari wake mwekundu, likatokea papai, na mahali fulani upande wa kulia mtu akajikaza asicheke akashindwa. Kicheko kikaenda safu hadi safu. Watu wa Wizara waliosimama ukutani wakatoa madaftari na kuandika namba za viti.

"Kumbe," alisema yule mwanamke wa nyuma. Hakucheka. Alisema hivyo tu.

Tunu alisikia neno lile likimwingia mpaka ndani kabisa. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu atamani kiti kimfunike. Safu ya mbele, Mzee Kilosho alikuwa ameinamisha kichwa, ananyoosha goti lake kwa mikono miwili.

Ndipo rangi ikatoweka kwenye skrini.

Palikuwa na bomba. Palikuwa na ndoo zimepangwa, na wanawake, na vumbi la asubuhi ya miaka ishirini na miwili iliyopita. Ile sauti ya awali ilikuwa imeondolewa, na juu yake akasikika mtangazaji wa redio ya taifa akisema kwamba wananchi wamejipanga kwa hiari yao kuishukuru serikali kwa kuwaondolea fisi. Kanga zikainuliwa zikazungushwa. Mtangazaji akasema wanawake wanapeperusha kanga kwa shangwe. Kisha Bi Zamda akainama. Akainuka na mtoto, akamfuta kwa pindo, akamwinua juu, na midomo yake ikasogea.

"Mtoto huyu," alisema mtangazaji, "amepewa jina la Utulivu."

Tunu alikuwa ameisubiri sura ile kwa miaka yote hiyo, na sasa ilikuwa mbele yake, kubwa kama ukuta wa nyumba, na mdomoni mwake kulikuwa na sauti ya mwanamume.

Halafu mzee mmoja, huko nyuma kabisa, akasema bila kupaza sauti, "Na wewe umeshapata namba yako." Mwanamke mmoja akayarudia maneno hayo. Kisha wengine, hapa na pale, waliokuwa wameyabeba maneno yale miaka ishirini na miwili bila mahali pa kuyaweka, wakayasema kila mtu kwa wakati wake, mpaka mtangazaji hakusikika tena. Watu wazima walikuwa wanalia waziwazi. Vijana walikuwa wanawatazama wazazi wao.

Mheshimiwa Daktari Pongwa naye alitoa leso. Alimgeukia Bwana Sengo na kumnong'oneza kwamba hajapata kuona wananchi wakiipenda serikali kiasi hiki. Bwana Sengo aliomba radhi, akamweleza kipande kile kimetoka wapi. Leso ilirudi mfukoni, taa zikawashwa, na tamko likasomwa kwamba filamu imekwisha kwa mafanikio.

*

Walikutana nje, upande wa jiko la ukumbi, ambako Tunu alikuwa amekwenda kujiegemeza ukutani. Hemedi alikuja karibu akikimbia. Uso wake ulikuwa unang'aa, na hakuficha kwamba alikuwa amelia.

"Walimwona, Dada," alisema. "Umewasikia? Walimwona."

Tunu alimuuliza alilipataje kopo. Hemedi akaeleza bila kusitasita. Alimwendea Bwana Sengo akaomba mkanda wenye umati, na Bwana Sengo akampa kopo kwa saa mbili, kwa matumizi ya kazi. Alikata dakika nne, akaziunga mwishoni mwa filamu ya fisi. Sauti waliiweka watu wa Wizara, yeye hakujua kama wangeweka maneno ya namna ile.

"Uliukata kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu. Ningemwachia nani? Wangemkata shingo." Alijifuta uso kwa kiganja. "Dada, filamu nzima ilikuwa haina dakika moja ya kutazamika. Jina letu liko pale juu. Nilitaka watu wakumbuke sisi ni nani."

"Na mama ni nani?"

"Na mama."

Tunu alimtazama mdogo wake, mwanamume wa miaka hamsini na minne mwenye mvi kando ya masikio, amesimama mbele yake anangoja kusifiwa. Alitaka kumpiga. Alitaka pia kumshukuru, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi, kwa sababu kweli alikuwa amemwona mama yake, na kama ingekuwa juu yake yeye Tunu, angemfungia kwenye rafu nyumbani akamtazama peke yake. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Alimwambia afunge kifungo cha shati na waende nyumbani.

*

Wizara ilitimiza ahadi yake, kama kawaida ya Wizara. Jumatatu asubuhi Tunu na Hemedi waliitwa ofisini kwa Bwana Sengo, kopo likaletwa limefungwa kwa utepe mpya, na Tunu akatia sahihi mahali pa kupokelea. Lilikuwa jepesi kuliko alivyolikumbuka. Alilifungua palepale, akautoa mkanda kwenye mwanga wa dirisha na kuupitisha vidoleni mpaka akafika kwenye kiungo. Upande mmoja wanawake walikuwa wameshika kanga zilizokunjwa. Upande wa pili walikuwa wanajaza ndoo, na mtoto alishakuwa mgongoni mwa mtu. Katikati hapakuwa na kitu.

Aliuliza dakika nne ziko wapi. Bwana Sengo aliomba radhi. Alisema dakika nne ni sehemu ya filamu ya fisi, na filamu ya fisi ni mali ya taifa. Tunu akasema basi waitoe filamu ya fisi, wakate kile kipande, wamrudishie.

"Haitatoka, Bi Tunu," alisema Bwana Sengo. "Imefungiwa tangu juzi."

Alimsomea uamuzi wa Kamati. Filamu ilikutwa na makosa mawili: watazamaji walicheka penye hofu, na walilia penye furaha. Kwa kuwa makosa yote mawili yalitokea ukumbini, watazamaji wa viti vilivyoandikwa wataitwa mmoja mmoja. Mzee Kilosho ameshaitwa kueleza kwa nini alilitazama papai kwa namna ile. Nakala yenyewe, ambayo ni moja, iko kabatini, na funguo ziko kwa Mheshimiwa.

Hemedi alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake.

Bwana Sengo alitazama mlango, kisha akavuta droo. Alikuwa mtu mwema, hakupenda kuona watu wakiondoka mikono mitupu, na alikuwa ameshawaandalia fomu. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba utaratibu upo. Watengenezaji wa filamu iliyofungiwa wanaweza kupewa nafasi ya kusahihisha makosa yao kwa kutengeneza sehemu ya pili. Siku sehemu ya pili itakapooneshwa vizuri, bila vicheko na bila machozi, sehemu ya kwanza yaweza kutoka kabatini, na kipande wanachokitaka kikakatwa na kukabidhiwa. Mheshimiwa mwenyewe ameridhia. Ameshagonga mhuri.

Aliisogeza fomu mezani na kuweka kalamu juu yake.

Tunu aliuzungusha mkanda taratibu akaurudisha ndani ya kopo, akalifunika, akaliweka mapajani. Ofisi ya jirani mtu alikuwa anapiga chapa. Hemedi aliinua kichwa akamtazama dada yake, na ilionekana wazi kwamba alikuwa anamwomba akatae, kwa sababu yeye hangeweza.

Tunu aliichukua kalamu.

"Safari hii," alimuuliza Bwana Sengo, "mnataka mnyama gani?"